Mume ataka flati yenye jiko, mimi nataka kupumzika: Dubai tutakula vipi?

Bi Mshauri, assalamu alaikum.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkaazi wa Tudor hapa Mombasa. Wa kwanza ni mvulana wa miaka 13, anayemfuatia ni msichana wa miaka 10, kisha mvulana wa miaka 6, na kitinda mimba ana miaka 2. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiweka pesa kwenye chama chetu cha akina mama, na mume wangu, ambaye anafanya kazi bandarini, naye akatia zake. Nia yetu ni kuwapeleka watoto Dubai mwisho wa mwaka, siku tano, wakazione zile bustani za michezo wanazozitazama kwenye simu kutwa kucha. Mama mkwe twaenda naye. Ana sukari na anajidunga insulini, kumwacha peke yake hatuwezi. Kwa hivyo tuko saba.

Shida ni kwamba kila mtu ana lake. Wakala wa safari hapa mjini anatusukuma kwenye hoteli ya ufukweni. Kwa vyumba viwili pamoja na chai ya asubuhi anataka dirhamu 900 kwa usiku. Tukitaka hafubodi, yaani chai ya asubuhi na chakula cha jioni, tunaongeza 110 kwa mtu mzima na 55 kwa mtoto, kila usiku. Na kuna mpango wa kila kitu ndani, mnavaa bangili ya plastiki mkononi mnakula na kunywa mtakavyo, 2,100 kwa usiku. Huo ndio anaousifu. Anasema tulipe nusu kabla ya Ijumaa, la sivyo bei itapanda.

Shemeji yangu anaishi Sharjah, jirani na Dubai, na ametukaribisha kwake bure. Nashukuru, lakini ni flati ya vyumba viwili na wao wenyewe ni watano.

Mume wangu anataka tupange flati ya hoteli yenye jiko. Amesema, "Tutanunua mchele na nyama, utapika, tutakula kama nyumbani, na Mama atapata chakula alichokizoea." Bi Mshauri, mimi napika kila siku ya Mungu. Naamka kabla ya alfajiri kukanda mahamri, na nalala nikiwa nimeosha sufuria ya mwisho. Nilipokuwa natia zile pesa chamani, nilikuwa naziona mbele yangu siku tano za kutoshika mwiko. Sijamwambia hivyo. Naona haya, atadhani namkataa mamake.

Hofu yangu nyingine ni kuliwa pesa. Miaka miwili iliyopita tulikwenda hoteli moja ya pwani ya kusini kwa siku tatu, tukalipa fulubodi, yaani milo yote mitatu. Kila adhuhuri tulikuwa nje, mara baharini kuangalia pomboo, mara matembezini, na chakula cha mchana tulichokilipia hatukukila hata siku moja. Siku ya kuondoka tukaletewa bili ya soda na maji tuliyodhani yamo.

Nieleze tuchague nini. Je, hoteli iwe karibu na bustani za michezo au mjini? Chakula cha huko ni halali? Na binti yangu anauliza kama kweli kuna Disney, maana rafiki yake shuleni amemwambia ipo Abu Dhabi.

Mama wa Wanne, Tudor

*

Wa alaikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Hesabu ya dirhamu tutaipiga, lakini kilichonishika ni ule mwiko, na nitaanza hapo kwa sababu ndio utakaoamua mengine yote.

Kwa miaka 19 nilikaa nyuma ya meza ya kuwekea watu vyumba katika hoteli za pwani yetu ya kaskazini, Nyali hadi Shanzu. Nimewaona akina mama wengi wa aina yako. Wanafika wakiwa wamechoka kuliko watu wote ndani ya gari, na siku ya kuondoka wanaondoka vivyo hivyo, kwa sababu likizo ilipangwa kwa ajili ya kila mtu isipokuwa wao. Mpango wa chakula ndio unaoamua nani atapumzika. Ukiukosea, hata hoteli ya nyota tano inageuka kuwa jiko lako la Tudor lenye kiyoyozi.

Kwa hivyo zungumza na mumeo kabla ya Ijumaa. Usimwambie kwamba hutaki kumpikia mamake, maana hilo si kweli na wewe unalijua. Mwambie, "Baba watoto, nimeweka pesa hizi miaka mitatu nikiomba kitu kimoja kwangu mwenyewe, nisipike siku tano. Mama nitamhudumia kwa kila kitu kingine." Mwanamume aliyetia pesa zake pamoja na zako kwa miaka mitatu atalisikia hilo. Huenda hajawahi kufikiri kwamba kupika ni kazi hata ukiwa safarini, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Sasa chakula. Kosa lenu la pwani ya kusini mimi nililiona kila wiki. Kabla ya kununua mpango wowote jiulizeni swali moja: saa ya chakula cha mchana, sisi tutakuwa wapi? Anayekwenda kulala ufukweni kutwa, fulubodi inamfaa. Anayekwenda bustani za michezo hayupo hotelini adhuhuri, hata siku moja. Zile bustani hufunguliwa asubuhi ya kuchelewa, na watoto wakishaingia huwatoi hadi jioni. Tiketi ni za siku nzima, na bei yake ni ya kukufanya ukae hadi mlango ufungwe. Chakula cha mchana mtakinunua humo humo, maana bustani nyingi haziruhusu kuingia na vyakula vya nje. Kwa hivyo fulubodi muifute kichwani.

Kila kitu ndani je? Tupige hesabu yenu. Kutoka 900 hadi 2,100 ni nyongeza ya dirhamu 1,200 kwa usiku. Kwa usiku tano ni 6,000. Dirhamu moja sasa ni kama shilingi 35, basi hizo ni shilingi 210,000 juu ya bei ya vyumba na chai. Mnanunua nini? Chakula cha mchana ambacho hamtakuwepo kukila siku za bustani, vitafunio vya alasiri ambavyo hamtakuwepo kuvila, na vinywaji. Hapo kwenye vinywaji ndipo wakala hakukwambia. Bei ya mpango huo hupangwa kwa kudhani kwamba mgeni mzima atakunywa pombe, na ndani yake mna bia na mvinyo wa kutwa. Nyinyi hamnywi. Mtakuwa mnalipia glasi za watu wengine ili mpate soda na juisi. Nimewauzia watu mpango huo miaka mingi na siusemi vibaya. Mzungu aliyekuja wiki mbili kuota jua humrudishia pesa yake. Familia ya Kiislamu yenye tiketi za bustani mfukoni haumrudishii.

Hafubodi ndiyo iliyo karibu na ukweli, chai ya asubuhi na chakula cha jioni. Lakini nayo tuihesabu. Hoteli nyingi humhesabu mtoto wa miaka 12 kuwa mtu mzima, kwa hivyo huyo kijana wako wa 13 atalipiwa kama babake. Mna watu wazima wanne: wewe, mumeo, mama mkwe na yeye. Hao ni 440. Wa miaka 10 na wa miaka 6 ni 110 wote wawili. Wa miaka 2 kwa kawaida hula bure. Jumla 550 kwa usiku, 2,750 kwa usiku tano, kama shilingi 96,000. Ukila mkahawa wa kawaida wa Kihindi au Kipakistani kwenye mitaa ya Dubai kama Al Barsha, Karama au Deira, biriani, kuku wa kuchoma, mikate na maji, nyote saba mtashiba kwa dirhamu 150 hivi. Mlango wa pili utapata chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, ambayo mama mkwe ataitambua akinusa tu (aombe isitiwe sukari, wao huitia wakiichemsha).

Usikimbilie kusema basi tuache hafubodi kabisa. Jioni ya siku ya bustani ina mambo yake. Mmetembea tangu asubuhi, kitinda mimba amelala begani, wa miaka 6 analia bila sababu, na bibi yao miguu imemvimba. Saa hiyo kuwatafutia watu saba mkahawa ni mateso, na ndiyo saa ambayo mama huishia kupika. Kwa hivyo nunueni chakula cha jioni cha hotelini kwa zile jioni mbili tu za bustani. Wakala hatakwambia kwamba inawezekana, kwa sababu yeye anauza mpango wa siku zote. Sisi wa meza ya vyumba tulikuwa tukiwaongezea wageni chakula cha usiku mmoja mmoja bila tabu, mradi waombe asubuhi. Ulizeni na saa ya kufunga chakula, maana ukirudi baada ya meza kuondolewa, pesa imekwenda. Na kama hoteli mliyochagua haina mkahawa, agizeni chakula kiletwe mlangoni. Dubai watu hufanya hivyo kila usiku.

Nifike kwenye flati ya mumeo, kwa sababu kwa upande mmoja yeye ana haki kuliko wakala. Familia ya watu saba kwenye vyumba vya kawaida vya hoteli ni tabu. Chumba cha familia mara nyingi kimepimwa kwa wazazi wawili na watoto wawili, na ndiyo sababu wakala amekupa viwili. Je, vina mlango wa ndani wa kuviunganisha? Akikwambia "nimewaombea", jua hujapewa kitu. Kwenye vitabu vyetu kulikuwa na ombi na kulikuwa na ahadi. Ombi tulilitimiza siku hoteli ikiwa tupu. Siku imejaa, familia moja iliwekwa ghorofa ya pili na nyingine ya sita, mama akawa anashinda kwenye lifti. Taka iandikwe kwamba vyumba vya kuungana vimethibitishwa.

Flati ya hoteli yenye vyumba viwili vya kulala na sebule inamaliza shida hiyo. Mnakaa pamoja, bibi ana mlango wake wa kufunga, na kuna friji. Friji hilo ni muhimu kuliko jiko, mwanangu, kwa sababu ya insulini. Yale majokofu madogo ya vyumba vya hoteli hayaaminiki, mengine hayapoi vya kutosha, mengine hugandisha, na insulini iliyoganda hutupwa. Kwa hiyo mkubalie mumeo flati yake, na yeye akubali sharti lako. Jiko hilo ni la kuchemshia maji ya chai, uji wa bibi na maziwa ya mtoto. Mchele usinunuliwe. Mchele ukishaingia ndani ya flati, wewe ushakuwa kazini.

Tafuteni flati inayouzwa pamoja na chai ya asubuhi, zipo, na hapo msome vizuri. Kuna mtego ambao nimeuona ukiwatia watu machozi asubuhi ya kwanza. Bei inasema "pamoja na chai ya asubuhi", kumbe ni ya watu wawili. Watano waliobaki wanaandikiwa bili. Wakala akuandikie idadi: chai ya asubuhi kwa watu wazima wanne na watoto watatu, na umri wa kila mtoto. Umri wa kweli. Wapo wanaomshusha mwaka mmoja yule wa 13, halafu pasipoti inatolewa mezani na mnaanza safari kwa aibu.

Na hiyo asubuhi kuleni sana. Mayai, maharagwe, mikate, matunda, watoto wakae mezani hata saa nzima. Mkiingia bustani mmeshiba hivyo, chakula cha mchana kinasogea hadi saa tisa, wakati foleni za mikahawa zimepungua, na sahani nne zinawatosha watu saba. Siku ya bustani nimewahi kuipitisha hivyo na wajukuu zangu watatu na hakuna aliyelalamika njaa. Bibi lakini msimcheleweshe. Yeye ale kwa saa zake. Awe na tende, biskuti na dawa kwenye mkoba, dawa zikiwa ndani ya boksi lake pamoja na barua ya daktari, kwa ajili ya uwanja wa ndege na pia kwa walinzi wa mlangoni. Chakula cha mgonjwa na cha mtoto mchanga kwa kawaida hukipitisha ukiwaeleza.

Hoteli iwe wapi? Shemeji wa Sharjah mshukuruni kwa heshima zote, lakini msilale kwake. Nyumba ya watano ikiingia saba, udugu unapata majaraha. Tena barabara ya Sharjah kuingia Dubai asubuhi inajulikana kwa msongamano, na bustani mnazozitaka ziko upande wa pili kabisa wa jiji. Legoland na Motiongate zimekaa pamoja katika Dubai Parks and Resorts, baada ya Jebel Ali, kwenye Barabara ya Sheikh Zayed kuelekea Abu Dhabi. Hata kutoka Deira, ambako wafanyabiashara wetu wa Mombasa wamezoea kufikia, ni zaidi ya kilomita 50. Teksi ya kawaida hubeba abiria wanne, na nyinyi saba mtahitaji mbili. Kila moja kwa safari hiyo hupita dirhamu 100. Kwenda na kurudi ni zaidi ya 400, kama shilingi 14,000 kwa siku moja. Ile nafuu ya hoteli ya bei ya chini ya Deira imeshaishia njiani.

Hoteli za kando ya bustani zenyewe zipo, kama Legoland Hotel iliyofunguliwa 2022, na mtoto wa miaka 6 atalia kwa furaha akiiona. Ni nzuri kwa usiku mmoja. Kwa usiku tano mtakuwa mmefungiwa, maana nje ya geti hakuna mkahawa wa mtaani, na kila mlo utakuwa kwa bei ya bustani.

Mimi ningelala Al Barsha, karibu na Mall of the Emirates. Reli ya Metro ipo hapo, mikahawa ya bei nafuu ipo, Carrefour ipo, na kwenda Legoland ni kama nusu saa kwa gari. Kodisheni gari moja la watu saba lenye dereva kwa siku zile mbili za bustani, hoteli itawaitia. Ijumaa nendeni Sharjah mkaswali na kula mchana kwa shemeji, muwapelekee halua ya Mombasa na visheti. Atakuwa amewakaribisha kwa heshima, na mtakuwa mmewatembelea kwa heshima.

Siku mbili za bustani zinatosha. Siku ya kwanza ya michezo nendeni Dubai Parks. Legoland imetengenezwa kwa watoto wa miaka 2 hadi 12, kwa hivyo wewe uingie na wale watatu wadogo. Kijana wa 13 atajiona mkubwa mno humo, basi babake ampeleke Motiongate, ni jirani. Bibi mumuulize mwenyewe. Mwanamke mzima ana haki ya kusema anabaki flatini kulala. Siku nyingine nendeni IMG Worlds of Adventure, ambayo yote imo ndani ya jengo moja kubwa lenye kiyoyozi, ina dinosaria na vikaragosi vya Cartoon Network, na bibi anaweza kukaa akaangalia bila jua kumchoma. Ferrari World ya Abu Dhabi najua kijana ameiona kwenye simu. Ule mtambo wake maarufu, Formula Rossa, hufika kilomita 240 kwa saa na hauchukui mtu mwenye urefu chini ya sentimita 140. Katika watoto wenu wanne huenda atapanda mmoja. Kuwapeleka watu saba Abu Dhabi na kurudi kwa ajili ya mmoja ni pesa nyingi. Kabla ya kununua tiketi yoyote wasimamisheni watoto ukutani muwapime urefu, viatu vimevuliwa.

Kuhusu wakati, mnayo bahati ambayo wakala ataipoteza asipoangaliwa. Shule zetu zinafunga mwisho wa Oktoba hivi. Za kule na za Ulaya bado ziko wazi hadi katikati ya Desemba. Nendeni Novemba, joto limeshapungua, foleni ni fupi na vyumba ni rahisi kuliko wiki ya Krismasi na mwaka mpya. Epukeni tarehe 2 na 3 Desemba, ndiyo sikukuu yao ya taifa na kila mtu yuko nje. Tangu 2022 wikendi yao ni Jumamosi na Jumapili, kwa hivyo bustani wekeni Jumatatu hadi Alhamisi.

Halali? Nyama inayouzwa mikahawani kule kwa kawaida ni halali, tulieni. Hoteli zenye wageni wa kila taifa nyingine huwa na nguruwe, na hutengwa na kuandikwa. Mkiwa kwenye meza ya kujipakulia someni vibao, na mkiwa na shaka muulizeni mpishi, hakasiriki.

Sasa hiyo Ijumaa. Usilipe nusu. Raia wa Kenya anahitaji viza ya Emirates, na viza inaweza kukataliwa kwa mmoja kati ya saba. Chukueni bei ya chumba inayorudishwa, hata ikizidi kidogo, hadi viza zote saba ziwe mkononi, na pasipoti zote ziwe na zaidi ya miezi sita. Wakala aoneshe leseni yake ya Tourism Regulatory Authority, mamlaka ya utalii ya hapa Kenya. Halafu muulize kuhusu ada ya utalii, Tourism Dirham. Hutozwa dirhamu 7 hadi 20 kwa kila chumba kila usiku, kulingana na nyota za hoteli, na mara nyingi haimo kwenye bei unayotajiwa, unaikuta mezani. Kwa hoteli ya nyota tano, vyumba viwili, usiku tano, ni dirhamu 200, yaani shilingi 7,000. Pia hoteli itataka amana, itakayorudishwa mkiondoka, na mjue mapema ni kiasi gani na inapokelewa kwa njia gani. Maji ya chupa chumbani yapi ni ya bure na yapi yana bei, uliza siku ya kwanza, ukikumbuka ile bili ya pwani ya kusini.

Binti yako mwambie ukweli sasa, akiwa nyumbani Tudor. Mwezi wa Mei 2025 Disney walitangaza kwamba bustani yao itajengwa kisiwani Yas, Abu Dhabi. Rafiki yake hakumdanganya, alisikia tangazo. Lakini kutangazwa ni kutangazwa tu, mlango wa kuingia bado haupo. Akilijua hilo mapema ataingia Legoland akiwa na furaha ya Legoland, na wewe utakuwa umekaa kwenye benchi pamoja na kitinda mimba, chakula cha jioni kimeshalipiwa.